Vidole viwili vilimtosha Django



Mtaani kwetu kuna mzee ambaye kwa miaka mingi alipiga gitaa kwenye harusi. Tangu mwaka jana vidole vya mkono wake wa kushoto vimekaza. Akiamka asubuhi havikunjuki, na akivilazimisha vyamuuma mpaka kwenye kiwiko. Gitaa amelitundika ukutani. Juzi tulipokaa barazani baada ya Isha, alisema kwamba yake yamekwisha, sasa yeye ni wa kusikiliza tu. Nikamsimulia maisha ya mtu mmoja wa Ulaya aliyekufa zamani, kabla ya wengi wetu kuzaliwa. Nilipomaliza, mzee alinyamaza kidogo, kisha akaniambia habari hii niiandike, kwani si yeye peke yake mwenye vidole vilivyokaza.

Najua wako watakaoniuliza mbona leo nimeingia kwenye muziki. Hukumu ya ala nawaachia masheikh, wao ndio wenye elimu hiyo. Mimi nazungumzia vidole, na subira ya mwanadamu anapopata mtihani.

Mtu mwenyewe aliitwa Jean Reinhardt, lakini dunia yamjua kwa jina la Django. Alizaliwa tarehe 23 Januari 1910 katika kijiji cha Liberchies nchini Ubelgiji. Hakuzaliwa hospitalini wala kwenye nyumba ya mawe, bali ndani ya gari la kuvutwa na farasi, kwani wazazi wake walikuwa Waroma wa kabila la Manouche. Waroma ni watu ambao asili yao ni Bara Hindi, wakahamia Ulaya karne nyingi zilizopita. Kokote walikofika walitazamwa kwa jicho la shaka. Waliishi kwa kuhama, wakipiga muziki, wakisuka vikapu, wakiuza farasi na vitu vidogo vidogo.

Django alipokuwa mtoto, jamaa zake walipiga kambi pembezoni mwa Paris, mahali palipojaa vibanda na magari ya nyumba, nje ya mipaka ya mji. Shule hakuisoma. Alikua bila kujua kuandika, na alipokuwa mtu mzima na jina lake li mabangoni, ni rafiki yake aliyemfundisha kuandika herufi. Lakini ala alizisoma. Alianza na fidla, na alipofika umri wa miaka kumi na miwili hivi akapata banjo yenye shingo ya gitaa. Hakuwa na mwalimu wa darasani. Alikaa karibu na wakubwa, akatazama vidole vyao, kisha akaenda kuiga peke yake, siku kutwa.

Hakumaliza miaka mingi kabla ya kuanza kula kwa mkono wake. Paris ya siku zile ilikuwa na kumbi za dansi ambako akodiani ndiyo iliyokuwa mfalme, na wapigaji wa akodiani walihitaji kijana wa kuwasindikiza. Django akawa kijana huyo. Mwaka 1928, akiwa na miaka kumi na minane, alirekodi santuri zake za kwanza akipiga banjo. Jina lake likaandikwa kwa makosa juu ya santuri, na yeye mwenyewe hakuwa na elimu ya kulisahihisha. Wakati huo alikuwa ameshaoa. Sifa zake zilifika mpaka kwa Jack Hylton, mkuu wa bendi mashuhuri ya Uingereza, naye akamtaka aende kupiga kwenye bendi yake. Kwa kijana wa kambini, hiyo ilikuwa riziki ya ghafla.

Kisha moto ukaja.

Usiku mmoja wa mwanzo wa Novemba 1928, Django alirudi kutoka kazini. Gari lake la nyumba lilikuwa limejaa maua ya bandia ambayo mkewe alikuwa akiyatengeneza kwa ajili ya kuuza. Maua hayo yalikuwa ya seluloidi, kitu kile kile kilichotumika kutengenezea mikanda ya sinema za zamani, na seluloidi ikiguswa na moto huwaka kama petroli. Taa ya umeme hawakuwa nayo, walikuwa na mshumaa. Mshumaa uliyashika maua, na kwa muda mfupi gari lote likawa tanuri. Django alijifunika blanketi akaushika kwa mkono wa kushoto, akapita katikati ya moto. Yeye na mkewe walitoka hai. Lakini mguu wake wa kulia uliungua vibaya, na mkono ule wa kushoto, ulioshika blanketi, uliungua zaidi.

Asiyepiga gitaa huenda asione uzito wa jambo hili. Mkono wa kulia ndio unaopiga nyuzi, lakini wa kushoto ndio unaozibana ili kila sauti itoke mahali pake. Vidole vinne vya mkono wa kushoto, cha shahada, cha kati, cha pete na cha mwisho, ndivyo vinavyotembea juu ya shingo ya gitaa. Mpigaji akipoteza vidole hivyo amepoteza kazi yake.

Madaktari walitaka kuukata mguu. Django alikataa, na jamaa zake wakamtoa hospitalini wakampeleka kwingine. Mguu ukapona, akarudi kutembea kwa mkongojo, na baadaye bila mkongojo. Ama mkono, hapo hapakuwa na muujiza. Ngozi iliyoungua ikipona hujikunja na kuvuta, kama ngozi ya mbuzi inavyojikunja ikikaushwa juani bila kuwambwa. Kano za kidole cha pete na cha mwisho zilivutwa, vidole vile vikapinda kuelekea kiganjani na vikabaki hivyo mpaka siku ya kufa kwake. Waliomtibu hawakutarajia kwamba angepiga ala tena. Akina Hylton walienda zao. Riziki iliyokuja ghafla ikaondoka ghafla.

Hapa ndipo mzee wangu wa barazani alipoinua kichwa.

Django alikaa kitandani na matibabuni kwa karibu miezi kumi na minane. Ndugu yake Joseph, naye mpigaji gitaa, alimletea gitaa jipya. Banjo ilikuwa nzito na nyuzi zake kali. Gitaa lilikuwa laini zaidi kwa mkono wenye kidonda. Akaanza upya, kama mtoto siku ya kwanza chuoni akisomeshwa alifu kwa kijiti. Kila siku alipiga kidogo. Alipanda na ngazi za sauti, akashuka nazo, tena na tena. Vile vidole viwili vizima, cha shahada na cha kati, vilikuwa vimekaa bila kazi na vimekauka, ikabidi vilainishwe polepole mpaka vikubali tena kutanuka.

Jambo lenye mafunzo ni hili: hakupoteza umri wake akigombana na vile viwili vilivyopinda. Alipoona havifunguki, aliwatafutia kazi inayowafaa walivyo. Wapigaji wengine hutandaza vidole vinne kwa upana wa shingo ya gitaa. Yeye hakuweza, kwa hivyo akajifunza kukimbia kwa urefu, akipanda na kushuka na shingo kwa vidole viwili kwa kasi ambayo wenye vidole vinne hawakuifikia. Vile vilivyopinda alivitumia kama kulabu, akibana navyo nyuzi mbili za chini kabisa, zile nyembamba, pale alipohitaji kupiga sauti kadhaa kwa pamoja. Kidole gumba akakipitisha juu ya shingo kibane uzi mnene. Mkono wake ukawa na utaratibu ambao hakuna mwalimu aliyeufundisha, na ndio maana alichokipiga hakikufanana na cha mtu mwingine.

Alipotoka matibabuni ndoa yake ilikuwa imevunjika. Akaenda kusini mwa Ufaransa, kwenye miji ya pwani, pamoja na Naguine, mwanamke aliyekuja kuwa mkewe wa pili. Walipiga mikahawani wakapata chochote kitu. Mjini Toulon, mwaka 1931, msanii mmoja aitwaye Émile Savitry aliwakaribisha kwake na kuwapigia santuri kutoka Marekani, zikiwemo za Louis Armstrong na Duke Ellington. Ilikuwa jazi, muziki wa Wamarekani weusi, na Django alipousikia alijua amepata mlango wake.

Mwaka 1934 aliungana na mpigaji fidla Stéphane Grappelli, na kundi lao likaitwa Quintette du Hot Club de France. Lilikuwa kundi la nyuzi tupu: fidla moja, magitaa matatu na besi. Ngoma haikuwemo wala tarumbeta. Sisi watu wa pwani, tuliokua tukisikia fidla na udi kwenye taarabu, hatuoni ajabu nyuzi kujitosheleza, lakini kwa jazi ya siku zile lilikuwa jambo geni. Gitaa lilikuwa ala ya kusindikiza, likae nyuma. Django akalileta mbele. Watu walitoka London na kwingineko kuja kumtazama, na wengi walipoinuka kwenye viti ni kwa ajili ya kuuangalia ule mkono, wasiamini kwamba sauti zote zile zatoka kwenye vidole viwili.

Vita vya pili vya dunia vilipoanza Septemba 1939, kundi lilikuwa London. Grappelli akabaki Uingereza, Django akarudi Ufaransa. Kwa Mroma, huko kulikuwa kurudi kwenye hatari. Aprili 1940, hata kabla Wajerumani hawajaingia Paris, serikali ya Ufaransa ilitoa amri ya kuwazuia watu wa kuhamahama kutembea, na familia nyingi zikafungiwa makambini. Wanazi nao waliwaua Waroma wa Ulaya kwa mamia ya maelfu. Django aliponea kwenye sifa zake. Paris iliyokaliwa ilitaka muziki, na mwaka 1940 alirekodi tungo aliyoiita Nuages, yaani Mawingu, ambayo Wafaransa waliishika kama dua ya kimya ya kutamani kuwa huru. Mwaka 1943 alijaribu kutorokea Uswisi akakamatwa mpakani. Yasimuliwa kwamba afisa wa Kijerumani aliyepelekewa alikuwa mpenzi wa muziki wake, akamwachilia. Maelfu ya Waroma wengine hawakuwa na vidole vya kuwaombea.

Tusimfanye walii, kwani hakuwa. Alikuwa mcheza kamari. Pesa zikimwingia leo, kesho hazipo. Alikuwa na tabia ya kutotokea kwenye onyesho watu wakiwa wameshakaa, kwa sababu tu amekutana na jamaa zake au amependezwa na kutembea. Mwaka 1946 alikwenda Marekani kuzunguka na Duke Ellington, mtu ambaye santuri zake zilikuwa zimemfungua masikio miaka kumi na mitano nyuma. Walipiga kwenye ukumbi wa Carnegie Hall mjini New York kwa siku mbili, na siku ya pili Django alichelewa mno, akafika onyesho likikaribia kwisha. Mtu aliyevumilia miezi kumi na minane kitandani akifundisha vidole viwili alishindwa kuheshimu saa. Hivyo ndivyo tulivyo wanadamu, subira yetu haiko kila mahali.

Miaka ya mwisho alihamia Samois-sur-Seine, kijiji kilicho kando ya mto, si mbali na Fontainebleau. Huko alivua samaki, akachora picha, akapiga gitaa alipotaka. Mwaka 1953 alianza kuumwa na kichwa. Walio karibu naye walimshauri aende kwa daktari, naye hakutaka. Tangu ule moto, hospitali hakuipenda. Tarehe 16 Mei 1953, akirudi nyumbani kwa miguu kutoka stesheni ya treni, alianguka. Mshipa wa damu ulikuwa umepasuka ubongoni. Ilikuwa Jumamosi, na daktari alikawia kupatikana. Alikufa siku hiyo hiyo, akiwa na miaka arobaini na mitatu.

Mwisho huo nimeutaja makusudi. Mtu akisoma kwamba Django alikataa kukatwa mguu na akapona, aweza kudhani fundisho la maisha yake ni kuwapinga madaktari. Ukaidi uliomwokoa mguu mwaka 1928 ndio ule ule uliomweka mbali na daktari mwaka 1953. Kichwa kinachouma siku nyingi ni cha kupimwa, na presha ni ya kupimwa. Kwetu pwani wangapi tumewazika wakiwa na umri huo huo, na kila mtu matangani akisema marehemu alikuwa akilalamika kichwa?

Sasa nirudi kwa mzee wangu na kwa kila mwenye vidole vilivyokaza, awe mpigaji ala, mshoni, seremala, au mama aliyepooza mkono baada ya kiharusi.

Kwanza tutofautishe maumivu. Kijana anayejifunza gitaa ncha za vidole vyake zitamuuma, na hilo si ugonjwa. Baada ya wiki kadhaa ngozi hufanya sugu na maumivu huisha. Lakini maumivu ya ndani ya kiungo, ya kwenye kano, au ganzi inayopanda mkono, hayo si ya kuvumilia. Huenda ikawa baridi yabisi, huenda ikawa mshipa wa fahamu umebanwa, na dawa ya hiki si dawa ya kile. Mwenye kujua ni daktari, pamoja na wale wataalamu wa mazoezi ya viungo walioko kwenye hospitali zetu kubwa. Wengi wetu hatuwafuati mpaka mkono umeshaganda.

Pili, kidole kilichokaza hakifunguliwi kwa nguvu. Kipashe joto kwanza, kwa maji ya uvuguvugu, kisha ukikunje na kukikunjua polepole. Anza na dakika chache, upumzike, urudi. Piga taratibu hata kama zamani ulikuwa ukipiga kwa kasi. Maumivu yakizidi, acha, kesho ipo. Nyuzi laini ni bora kuliko nyuzi kali, na wala si aibu kubadilisha. Ndiyo maana Django alishika gitaa akaiacha banjo.

Tatu, aliyeungua apelekwe hospitali mapema. Mimina maji ya kawaida yanayotiririka juu ya sehemu iliyoungua kwa dakika ishirini, usipake dawa ya meno wala samli wala unga. Na kidonda kikianza kupona, uliza juu ya mazoezi ya vidole kabla ngozi haijavuta. Leo kuna namna za kuufunga mkono na kuunyoosha ili usijikunje, elimu ambayo ingemfaa sana kijana yule wa Saint-Ouen.

Yaliyofuata baada ya kifo chake ni marefu, nitataja moja tu. Mwaka 1965, katika mji wa Birmingham nchini Uingereza, kijana wa miaka kumi na saba aitwaye Tony Iommi alikatwa na mashine ya kiwandani ncha za vidole viwili. Alikuwa mpigaji gitaa, na vidole vile vilikuwa vya mkono unaobana nyuzi. Alikata tamaa kabisa. Msimamizi wake wa kazi akamletea santuri, akamtaka asikilize, kisha ndipo akamweleza kwamba mpigaji huyo atumia vidole viwili. Alikuwa Django, aliyekuwa kaburini miaka kumi na miwili. Iommi alijitengenezea vifuniko vya plastiki vya kuvika vidole, akatafuta nyuzi nyepesi, akarudi kupiga, na bendi yake ya Black Sabbath ikajulikana dunia nzima.

Nilipofika hapo kwenye masimulizi yangu, kahawa ilikuwa imepoa. Mzee alikuwa akiutazama mkono wake, akikunja na kukunjua kile kidole cha shahada. Alisema Jumatatu ataenda hospitali. Kisha akaniuliza kama namjua mtu auzaye nyuzi laini.

Mola amponye, na awaponye wagonjwa wetu wote. Tukutane wiki ijayo inshallah.